Viti Sitini na Kimoja

Mwenye pikapu Dar es Salaam hana gari. Kadi ina jina lake, bima analipa yeye, trafiki wanamsimamisha yeye, lakini gari ni la ukoo, la mtaa na la kamati ya mazishi. Nililisahau jambo hilo mwaka 2023, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotangaza kwamba mvua za vuli zingekuja na El Niño. Sisi tuliokuwa na akili zetu mvua za 1997 ziliposhuka hatuelezwi neno hilo mara mbili. Nikaamua Hilux yangu kuukuu, dabo kebini, injini ya 3L inayonguruma kama mashine ya kukoboa, iwe gari la dharura.

Wazo lenyewe nililiokota usiku, nikiangalia video za Wamarekani. Kuna watu kule ambao kazi yao ni kusubiri dunia iharibike ili wapate kutumia vitu walivyonunua. Bwana mmoja anavuta droo nyuma ya pikapu yake, inateleza bila kelele: hapa shoka, hapa dawa, hapa jiko, hapa maji ya wiki mbili. Nilitazama video hizo mpaka mke wangu akaanza kuuliza naongea na nani usiku. Kitu kimoja ningepaswa kukigundua mapema. Katika video zote zile hakuna hata moja ambayo jirani anagonga kioo.

Fundi wangu ana gereji chini ya mwarobaini. Nilimsomea orodha akiwa ndani ya uvungu wa gari la mtu mwingine, miguu tu ikiwa nje, na kila nilipotaja kitu kidole gumba cha mguu kilikubali. Akaongeza bamba moja la springi kila upande ili gari lihimili mzigo. Kuanzia siku hiyo kila tuta watoto wanagonga vichwa kwenye paa. Akafunga keria, taa mbili kubwa mbele, betri ya pili na inveta. Nikamuuliza kama hakuna kifaa cha kutenganisha betri hizo, moja isije ikanyonya nyingine. "Kipo bosi, ila si lazima." Kwa lugha ya gereji, "si lazima" maana yake hana.

Lakini fahari ya gari ilikuwa snorkeli, lile bomba jeusi linalopanda ubavuni mwa kioo cha mbele hadi usawa wa paa, ili injini ivute hewa ya juu maji yanapozidi. Dizeli ikivuta maji badala ya hewa haisamehe. Maji hayabanwi kama hewa, pistoni inagota, konrodi inapinda, unabaki na chuma chakavu chenye kadi halali. Kwa hiyo nililipa bila kunung'unika. Wiki mbili baadaye kijana wa kuosha magari akalenga mpira wa maji moja kwa moja kwenye mdomo wa lile bomba. Nilipiga yowe lililosimamisha bodaboda. Kijana akainama, akatazama nyuma ya tairi la mbele, akasema kwa upole, "Usiogope mzee, yanatokea hapa chini."

Kweli yalikuwa yanatokea, tena meupe. Bomba halikuungana na kitu chochote. Lilishuka ndani ya mkono wa mbele wa gari likaishia hewani. Fundi nilipompigia hakushtuka hata kidogo: "Hilo ni la muonekano, bosi. Ukitaka liungwe, lete siku ukiwa na nafasi." Nafasi sikuipata. Na nisiseme uongo, uongo ule ulikuwa na raha yake. Gari lililokuwa likiitwa "kile kipikapu" likaanza kuitwa "gari la jeshi", na mimi sikumsahihisha mtu.

Nyuma nilifunga sanduku la bati lenye kufuli. Ndani nikapanga madumu sita ya lita 20, yaani kilo 120 za maji peke yake, turubai, kamba ya kuvutia gari, koleo, panga, jeki ndefu, mtungi mdogo wa gesi na jiko lake, dawa, dagaa, maharage ya kopo, biskuti na pakiti kumi za mishumaa. Mishumaa ndiyo iliyotangulia mbele ya haki. Bati la sanduku, jua la Dar na adhuhuri tatu zikatosha. Nilipofungua nilikuta imeyeyuka yote, imezimeza biskuti, ikagandamana tena usiku na kuwa tofali moja jeupe lenye tambi kumi na tatu zinazochungulia. Sijui nani angetakiwa kulila na nani kuliwasha.

Vuli ikaja na mvua zake. Jangwani pakafungwa kama kawaida yake. Kwangu mafuriko hayakufika. Waliofika ni watu.

Maji ya bomba yalikatika siku nne, mke wangu akauliza, "Ile dharura yako si ina maji?" Madumu sita yakatoka, yakarudi manne, moja likinuka mafuta ya taa. Kamba ilikwenda kufunga mbuzi wa akika na haikurudi, wala mbuzi. Mtungi wa gesi ulihamia jikoni usiku ambao gesi iliisha wali ukiwa nusu. Nilipinga, nikaulizwa wali mbichi na wageni sebuleni kama si dharura ni nini, nikakosa hoja. Turubai likaenda msibani nyumba ya tatu, kutoka pale likaenda msiba mwingine, na mara ya mwisho nililikuta Kimara, kwenye msiba wa mtu niliyefuatana na wenzangu wa kazini kumzika. Nililitambua kwa kiraka. Nikakaa chini yake, nikatoa rambirambi, nikaondoka.

Betri nazo zina kisa chao. Ulikuwa wakati wa mgao wa umeme, na Januari 2024 Taifa Stars walikuwa AFCON, Ivory Coast. Mechi ya Zambia ilitukuta gizani. Mtaa mzima ukakumbuka kwamba kuna inveta. Tukatoa televisheni nje, tukaiweka juu ya boneti, watu wakajaa mpaka kwenye ukuta. Dakika ya 11 Simon Msuva akafunga, na nadhani hapo ndipo shokomzoba yangu ya kulia ilipopasuka, maana kuna watu walikuwa wamepanda kwenye bodi. Wazambia wakabaki kumi kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili, zikiwa zimebaki kama dakika kumi, picha ikasinyaa, ikawa nukta, ikapotea. Betri zote mbili zimekwisha. Hatukujali, tulikuwa tunaongoza. Tuliimba, tulikumbatiana, jirani mmoja ambaye hatujasalimiana tangu kesi ya kuku alinibeba. Ndipo mzee mwenye redio akatoka ndani taratibu, akasimama kizingitini na kusubiri tunyamaze. Patson Daka alikuwa amesawazisha dakika ya 88. Wote wakageuka kulitazama gari langu, kana kwamba lingekuwa na betri nzuri tungeshinda. Asubuhi halikuwaka, na waliokuja kusukuma walikuwa wawili.

Basi ikafika Mei. Mama mkwe wangu alikuwa kwetu tangu Idi na ilikuwa zamu yangu kumrudisha Lindi. Wakati huohuo shemeji yangu wa Lindi, anayeanza biashara ya kukodisha viti vya sherehe, akawa amenunua Kariakoo viti 60 vya plastiki. "Kwa kuwa gari linakuja tupu," alisema kwenye simu. Gari halikuwa tupu! Nilikuwa nimejaza upya kila kitu, kwa siri, kuanzia madumu hadi jeki. Mke wangu alinitazama tu. Usiku ule nilifungua sanduku langu la bati, nikalishusha na vijana wawili, likawekwa nyuma ya banda la kuku, na mahali pake vikapangwa viti, mafungu manne ya viti 15, rangi ya maziwa.

Tulichelewa kuondoka kwa sababu ya kimbunga Hidaya, kilichoingia pwani Jumamosi ya tarehe 4. Jumapili tukasikia kimeisha nguvu, tukatoka alfajiri. Ikwiriri tukaambiwa barabara imekatika mbele. Mama akajifunga kanga vizuri, akasema kwamba barabara ya kusini amezaliwa akisikia imekatika, twende. Huwezi kubishana na mama mkwe ndani ya gari; kuna adabu, halafu kuna umbali kati ya viti. Tukavuka daraja la Mkapa, Rufiji ikiwa imetanda mpaka mashambani, tukaenda mpaka Somanga, na pale foleni ikatupokea.

Barabara ilikuwa imekatika kweli. Lami iliishia hewani kama andazi lililong'atwa, chini maji ya rangi ya chai ya maziwa yanakwenda kasi yakivuta miti mizima. Ng'ambo ile kulikuwa na lori la samaki. Upepo ukigeuka tulikuwa tunalijua. Njia nyingine ya kufika Lindi ni kuzunguka Songea na Masasi, yaani kuizunguka nusu ya nchi na mama mkwe.

Vijana wakaliona bomba. "Mzee, wewe unangoja nini? Hilo si gari la maji?" Kabla sijajibu, Mama akatoa kichwa dirishani. "Ni la maji," akawaambia kwa sauti ya kusikika mpaka mabasi matatu nyuma. "Mkwe wangu ameliweka bomba la kupumulia. Alinionyesha mwenyewe." Watu wakasogea kutazama. Mimi nilijua mambo mawili. La kwanza, maji yaendayo kasi yakifika sentimita 60 tu huinua pikapu na kuondoka nayo, bomba liwepo lisiwepo, na hapa hata barabara ya kuwa chini ya maji haikuwepo. La pili, bomba langu halipumui. Nikawaeleza la kwanza, polepole, kitaalamu, nikionyesha kwa mkono sentimita 60 zinafika wapi gotini.

"Umesikia?" Mama akawaambia. "Kasoma."

Kiti cha kwanza kilichukuliwa na mama mmoja wa kwenye basi, mwenye mtoto mchanga. Cha pili ni cha bibi aliyekuwa naye. Kufika magharibi vilikuwa vimetoka vyote, na hapo nikaona kitu ambacho Wamarekani wangu hawajakiweka kwenye droo. Mtanzania ukimpa kiti cha plastiki, ukampa na mwenzake pembeni, wanaunda kamati. Saa moja usiku tulikuwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mtu wa maji, mtu wa ulinzi, na mzee aliyesimama kutoa neno la shukrani wakati hakuna kilichofanyika bado. Mwenyekiti akaniita. "Tumeambiwa wewe una gari la dharura. Una nini?"

Nikafungua dashibodi mbele ya kamati. Palikuwa na tochi. Nikabonyeza. Betri zake zilikuwa nyumbani, kwenye rimoti.

Mke wangu alipiga simu kama saa tatu hivi. "Mko salama?" Nikamwambia tuko salama, tumelala njiani, tumekula mihogo ya watu. "Haya. Vitu vyako pia viko salama. Nimevifunika, mvua isivinyeshee."

Tulilala pale siku mbili, kisha tukageuza. Nikapita nikikusanya viti, Mama akihesabu kwa sauti. Nilikuwa nimejiandaa kupoteza kumi. Vikarudi 61. Tulihesabu mara tatu. Kile kilichozidi ni cha buluu, mguu mmoja umeshonwa kwa waya, na mgongoni kimeandikwa kwa rangi nyeupe SI CHA KUKODI. Tukauliza foleni nzima, hakuna aliyekidai.

Mama alikwenda Lindi kwa basi barabara ilipotengemaa, na viti 60 vikamfuata kwa lori. Shemeji alikikataa cha buluu, kinamharibia biashara. Mpaka leo kiko nyuma ya pikapu, peke yake. Sanduku la bati bado liko nyuma ya banda, kuku wanatagia juu yake.

Juzi jirani aligonga kioo. Ana wageni, amepungukiwa kiti kimoja. Nikamwonyesha maandishi. Akayasoma yote, akatikisa kichwa, akakipakata.

"Sikodi," akasema. "Naazima."