Namna Bora ya Kumnenepesha Sota

Mwongozo huu ni wa mtu aliyenunua pakiti ya mbegu za nyanya, akalima tuta nyuma ya nyumba pale Arusha, na sasa anagawia majirani mavuno ambayo bado hayajaota. Mabwana shamba wana miongozo yao. Huu unasimama upande wa wadudu, ambao kwa miaka mingi wamekosa msemaji.

Kitalu kiweke pale pale palipokuwa na nyanya msimu uliopita. Palipokuwa na biringanya, ngogwe, pilipili au viazi mviringo panafaa vilevile, maana hao wote ni ukoo mmoja na adui zao ni walewale. Mashina makavu ya zamani usiyang'oe. Minyoo fundo waliobaki kwenye mizizi watapata pa kuanzia. Mtu akikushauri uchome pumba za mpunga juu ya kitalu kabla ya kusia mbegu, mwulize kama yeye haogopi moshi.

Mbegu zikishaota, usifunike. Ukiona aibu mbele ya wapita njia, tundika chandarua cha mbu, lakini upande mmoja uache wazi kwa ajili ya hewa, na kuku wa jirani. Chandarua kizima, kilichofukiwa pembeni kote, huzuia kuku, panzi na hata nondo wa kantangaze, kwa hiyo ni hatari kwa mpango wetu. Kwa bahati nzuri hakimzuii inzi mweupe, ambaye ana urefu wa milimita moja hivi na hupenya matundu yake bila taabu. Neti zenye matundu madogo zaidi zipo kwenye maduka ya pembejeo. Pita mbali nazo. Inzi mweupe anachokuletea ni kirusi cha rasta: majani yanajikunja, kingo zinageuka njano, mche unadumaa. Mche uliokipata ungali mdogo hauna dawa, na ukiuacha palepale kwa huruma, unawagawia wenzake.

Sasa tuje kwa sota mwenyewe, kwa sababu hapa ndipo wenye bustani wengi hufanya kazi nzuri kuliko walivyoagizwa.

Sota ni kiwavi mnene wa rangi ya udongo anayejikunja duara ukimgusa. Mchana hulala sentimita chache chini ya ardhi. Usiku hutoka, akakata shina la mche usawa wa udongo, akaonja, kisha akahamia kwa jirani. Ndiyo maana asubuhi unaikuta miche imelala chini na majani yake bado mabichi, kana kwamba kuna mtu amepita na mkasi. Unachotakiwa kufanya ni hiki: saa nne, jua likiwa kali, jitwishe bomba mgongoni na upige dawa kwenye majani ya miche iliyobaki. Sota yuko chini, amelala, ameshiba. Asitokee mtu akakuambia ufukue kwa kidole kuzunguka mche uliokatwa asubuhi hiyo hiyo, maana mara nyingi utamkuta hapo hapo. Wala usitoke na tochi saa tatu usiku. Majirani watasema maneno.

Kuna pia habari ya kikombe cha karatasi kilichokatwa kitako, au kipande cha boksi kilichokunjwa, kinachozungushwa kwenye shina wakati wa kupandikiza na kuzamishwa sentimita tatu hivi udongoni. Sota hawezi kukipita kirahisi. Lakini hakiuzwi dukani na hakina lebo, na kitu cha namna hiyo nani atakiheshimu? Majivu yanasaidia mpaka mvua ya kwanza, basi yaruhusu.

Magugu nayo yana ratiba yake. Wajuzi huyaondoa wiki mbili au tatu kabla ya kupandikiza, ili sota waliokuwa wakiyala wakose chakula wakiwa peke yao. Wewe palilia asubuhi, pandikiza jioni. Watakuwa na njaa, na kwenye tuta zima patakuwa na mboga moja tu.

Kantangaze hahitaji msaada mkubwa. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 2006 alionekana Hispania, na mwaka 2014 alikuwa amefika Tanzania. Jike mmoja anaweza kutaga mayai hadi 260, na buu wake hula ndani ya jani, katikati ya ngozi mbili, mahali ambapo dawa ya kugusa juu haimfikii. Wewe nunua miche ya barabarani bila kugeuza hata jani moja. Kisha piga dawa ileile kila wiki, mwezi hadi mwezi, mpaka aizoee. Chura akionekana, mfukuze, kwa kuwa usiku anakula sota. Buibui na mijusi vivyo hivyo.

Niache mzaha mara moja: dawa ya kuogeshea mifugo isiguse mboga kamwe, hata kama aliyekushauri ana nyanya nzuri. Na dawa ya mboga ina lebo inayotaja siku za kusubiri kabla ya kuchuma. Isome.

Ukiyafuata yote haya, soko la Kilombero liko wazi. Chagua fungu lako, ila geuza kila nyanya utazame karibu na kikonyo. Tundu dogo lenye uchafu mweusi pale maana yake ni kwamba kantangaze ametangulia, na fungu hilo mwachie muuzaji.