Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Chuo cha Uuguzi

Ndugu Mkuu wa Chuo,

YAH: PONGEZI KWA SOMO LA TEHAMA

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu. Mimi ni msimamizi wa wodi inayowapokea wanafunzi wako wa mafunzo kwa vitendo, na somo hili wamelimeza kwelikweli. Juzi nilimwomba mmoja ampokee mgonjwa kwenye GoT-HoMIS, mfumo wa kompyuta wa hospitali. Akanieleza, bila kukosea, kwamba kompyuta za kizazi cha kwanza zilitumia vali, kisha akataja sifa tano za kompyuta, ya kwanza ikiwa kasi. Mgonjwa alisubiri. Nilipompa kipanya, alikielekeza kwenye skrini kama rimoti.

Simlaumu. Nasikia kompyuta zenu zimefunikwa vitambaa vya kudarizi, ufunguo wa maabara anao mhasibu, na mhasibu amesafiri. Mtihani hufanywa kwa kalamu. Ni busara: karatasi haipati virusi, na virusi wodini tunavyo vya kutosha.

Simu nazo mmezipiga marufuku, kwa maadili. Zikirudi mikononi mwao huku kwetu, kidonda hupigwa picha na kurushwa kwenye grupu la WhatsApp, uso wa mgonjwa ukionekana, eti wanajifunza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, lakini haijawahi kutokea kwenye mtihani.

Kinachoninyima usingizi si kipanya. Kuna mama alijifungua alfajiri. Mwanafunzi alipima mapigo ya moyo, akaandika 88, baadaye 104, kisha 122, kwa mwandiko safi wa kupendeza. Kisha akaenda kunywa chai. Kwake zile zilikuwa namba za kujaza faili, kama zile za MTUHA, rejista zetu za taarifa za afya, ambazo mwisho wa mwezi hupanda kwenye mfumo wa DHIS2 kwenda kwa wakubwa. Hakuna aliyemwambia kwamba namba tatu zikisomwa pamoja zinapiga kelele: huyu mama huenda anavuja damu.

Florence Nightingale, mnayemuenzi kwa mishumaa na kiapo, mwaka 1858 alichora takwimu za vifo vya askari na kuonyesha kwamba maradhi yaliwaua wengi kuliko majeraha. Nyie mmechukua taa yake, michoro mkaiacha.

Naomba mtihani ujao uwe na kompyuta iliyowashwa, mgonjwa wa kubuni, na swali moja: kipi hapa kinakutia wasiwasi?

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Msimamizi wa Wodi

Nakala: Mhasibu, popote alipo.