Sababu Nane za Kumchukia Christian Laettner, na Majibu ya Wanaompenda

Kila Machi, mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo vikuu vya Marekani yanapopamba moto, televisheni za huko hurudia mtupo uleule wa mwaka 1992, na ubishi uleule hufufuka. Christian Laettner aliondoka Chuo Kikuu cha Duke zaidi ya miaka 30 iliyopita, lakini mtaje mbele ya mtu wa Kentucky uone anavyokunja uso. Mwaka 2015 ESPN ilitoa filamu nzima kumhusu, na jina lake halikuzunguka mbuyu: "Namchukia Christian Laettner". Wanaompenda waliitazama. Wasiompenda, nadhani, waliirudia.

Nimewakalisha watani wawili wa kubuni, mmoja wa Duke na mmoja wa Kentucky, wajibizane. Mimi nitakuwa mwamuzi, na kama waamuzi wengine, nina upande wangu.

8. Amezaliwa Angola. Si ile ya Luanda. Ni kijiji karibu na Buffalo, jimbo la New York, alikozaliwa mwaka 1969. Majira ya joto ya 1992, kule Barcelona, mechi ya kwanza ya Marekani katika Olimpiki ilikuwa dhidi ya Angola yenyewe. Matokeo: 116 kwa 48.

Wa Kentucky: Hata wajina wa kwao hakuwahurumia.

Wa Duke: Kaka, aliyempiga kiwiko Herlander Coimbra wa Angola siku ile ni mwenzake, Charles Barkley. Kwa mara moja tu katika maisha yake mkosaji ni mtu mwingine, na bado unamtafuta Laettner!

7. Mtoto wa kishua. Hii ndiyo hoja inayopendwa kuliko zote, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Duke ni chuo cha ada kubwa; Laettner alikuwa kijana mzungu, mrefu, mwenye sura ya matangazo ya manukato na dharau ya mtu ambaye hajawahi kunyimwa kitu. Ukijumlisha hayo unapata mtoto wa tajiri. Tatizo ni kwamba baba yake alikuwa mchapaji katika gazeti la Buffalo, na katika shule ya kulipia aliyosoma alisaidiwa ada, naye akafanya kazi za usafi palepale shuleni.

Mtoto wa mtu mwenye jina alikuwapo kwenye timu ya Duke, ila watu hawamtaji. Ni Grant Hill. Baba yake, Calvin Hill, alisoma Yale kisha akawa nyota wa Dallas Cowboys. Grant alikuwa mpole, msikivu, mwenye tabasamu, na nchi nzima ikampenda.

Wa Kentucky: Sawa, si tajiri. Lakini alijifanya.

Wa Duke: Kujifanya tajiri nako ni kosa? Basi nusu ya mji wetu tuko hatiani.

6. Alikalia kiti cha Shaq. Timu ya Ndoto, ile ya Marekani ya Olimpiki ya 1992, ilikuwa na wachezaji 12: kumi na mmoja wa NBA na mmoja wa chuo. Huyo mmoja angeweza kuwa Shaquille O'Neal wa LSU. Akawa Laettner. Miaka yote iliyofuata ilimfanya Shaq aonekane ameonewa, maana alikuja kuwa Shaq. Lakini uchaguzi ulifanywa mwaka 1992, na mwaka ule aliyekuwa ametwaa ubingwa wa vyuo mara mbili mfululizo ni mmoja kati yao.

Wa Kentucky: Pale Barcelona alikuwa mbeba mabegi.

Wa Duke: Mbeba mabegi mwenye medali ya dhahabu. Wewe begi lako lina nini?

5. Alipofika NBA akawa mtu wa kawaida. Minnesota Timberwolves walimchukua wa tatu mwaka 1992, nyuma ya Shaq na Alonzo Mourning. Alicheza misimu 13, kwa wastani wa karibu pointi 13 kwa mechi. Huo si wastani wa mchezaji mbovu. Ni wa mtu anayelipwa vizuri na kusahaulika. Mwaka wake mzuri ulikuwa 1997 akiwa Atlanta Hawks, alipoitwa kwenye mechi ya nyota wote, akicheza jirani na Dikembe Mutombo wa Kinshasa. Mutombo huyohuyo, pamoja na Mourning, walikuwa Georgetown mwaka 1989 Laettner alipokuwa mwaka wa kwanza tu, na Duke ikawafungia mlango wa nusu fainali. Mkongo akasamehe, wakacheza pamoja. Kentucky wameshindwa nini?

4. Alimwonea Bobby Hurley. Kweli. Mazoezini alimsumbua mlinzi wake mwenyewe, mwenzake wa timu, siku nenda siku rudi. Wa Duke anasema alikuwa anamkomaza. Kila mwonevu husema hivyo. Tuendelee.

3. Watanzania tuna deni naye. Msishangae. Mwaka 1990, fainali ya kanda ya mashariki, Connecticut iliongoza kwa pointi moja katika dakika za nyongeza, zimebaki sekunde chache. Laettner akarusha mpira kutoka nje ya mstari, akarudishiwa, akatupia. Duke 79, Connecticut 78. Sasa, Connecticut ndicho chuo alichokuja kuchezea Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, akakifikisha timu nne bora mwaka 2009. Kwa hiyo kinyongo hiki tumekirithi kihalali, kwa njia ya ukoo.

Wa Duke: Thabeet alikuwa bado mtoto mdogo!

Wa Kentucky: Deni halina umri. Karibuni sana, ndugu zetu.

Na kama mnapenda kujifariji: Thabeet alichaguliwa wa pili kuingia NBA, Laettner wa tatu. Ubishi uishie hapohapo, tusifungue takwimu za baada ya hapo.

2. Alishinda kupita kiasi. Mechi 23 za mashindano ya vyuo, yaani NCAA, ushindi 21, pointi 407. Miaka minne chuoni, miaka minne katika timu nne bora. Mwaka 1990 UNLV iliinyuka Duke 103 kwa 73 kwenye fainali, kipigo cha kumfanya mtu abadilishe mchezo. Mwaka uliofuata walikutana tena kwenye nusu fainali. UNLV walikuwa hawajapoteza mechi hata moja msimu mzima. Laettner akatia pointi 28, na matokeo yakiwa 77 kwa 77, sekunde chini ya 13, akapewa mitupo huru miwili. Yote ikaingia.

Hapa ndipo mtani wetu wa Kentucky huomba maji ya kunywa.

1. Kiatu na mtupo. Machi 28, 1992, Philadelphia, robo fainali ya taifa. Zimebaki kama dakika nane, Aminu Timberlake wa Kentucky, kijana wa mwaka wa kwanza, ameanguka chali chini ya kikapu. Laettner anamkanyaga kifuani. Si kwa nguvu ya kuumiza. Kwa nguvu ya kudharau, ambayo ni mbaya zaidi. Mwamuzi akatoa faulo ya kiufundi, mchezo ukaendelea. Timberlake aliinuka anatabasamu na kupiga makofi.

Kisha dakika za nyongeza. Sean Woods anaiweka Kentucky mbele, 103 kwa 102, zimebaki sekunde 2.1. Kocha wao Rick Pitino hakumweka mtu wa kumsumbua Grant Hill mpira ulipokuwa mikononi mwake nje ya mstari, na Hill akatupa pasi iliyovuka karibu uwanja wote. Laettner akadaka, akadunda mara moja, kana kwamba ana muda wa kunywa chai, akageuka, akatupia. 104 kwa 103. Usiku huo mitupo yake ya kawaida ilikuwa kumi, kumi ikaingia. Mitupo huru kumi, kumi ikaingia.

Upande wangu ni huu: alistahili kutolewa nje pale pale alipoinua kiatu, na sijaona mchezaji wa chuo aliyekuwa mkubwa kuliko yeye. Watu hutaka nichague moja. Sichagui, kwa sababu mtu aliyetulia kwa sekunde 2.1 huku nchi nzima ikimwombea akose ni yuleyule aliyemkanyaga mtoto wa watu bila kupepesa jicho.

Wa Duke: Jezi namba 32 imetundikwa ukumbini kwetu.

Wa Kentucky: Sisi tulipoteza, na bado tukazitundika jezi za vijana wetu wanne wa mwaka ule.

Wa Duke: Kwa hiyo unakubali ilichukua mchezaji bora kuwashinda?

Wa Kentucky: Nakubali. Ila mtupo ule angeutazama akiwa chumba cha kubadilishia nguo.