Zabibu za Bibi

Mwaka ule lori la mnunuzi halikuja, na zabibu hazijui kungoja. Ilikuwa Septemba, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kijijini kwetu kando ya barabara ya Iringa, kusini mwa Dodoma. Huku zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na zile za kiangazi, ambazo hazikunyeshewa, ndizo tamu zaidi. Kila nyumba ilijaza ndoo, beseni, hata karai la mchanga. Watu walikula mpaka wakakinai, mbuzi wakapewa zao, na bado zilibaki. Ndipo kijiji kizima kikamkumbuka Bibi.

Bibi alikuwa muuguzi kutoka Australia. Wamisionari wa huko tuliwazoea: George Chambers, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Central Tanganyika mwaka 1927, alikuwa Mwaustralia, na baada yake walikuja wauguzi na walimu wengi, wengine akina dada wasioolewa. Wetu tulimwita Bibi, na kwa mapenzi kabisa. Mimi nililala nyumbani kwake. Hilo aliliamua mama yangu bila kumuuliza mtu, kwa sababu hakuona vipi binadamu alale peke yake ndani ya nyumba nzima, usiku, asiwe hata na mtoto wa kumwitikia.

Hodi zilianza alfajiri.

"Mbukwenyi, Bibi. Tumekuletea zabibu kidogo."

Kidogo ilikuwa ndoo. Nyuma ya ndoo kulikuwa na ndoo nyingine, na Bibi, ambaye mioyo ya watu aliijali kuliko nafasi ya nyumba yake, alishukuru kila mmoja kwa mikono miwili. Kufika adhuhuri stoo ilikuwa imejaa, bafuni hapakuwa na pa kukanyaga, na beseni zilikuwa zimeingia hadi chini ya kitanda changu.

"Mama, nizipeleke wapi?" alimuuliza mama yangu.

"Tumboni, Bibi. Zawadi hairudishwi."

Alitamani kupika jamu. Lakini miaka ile, baada ya vita vya Kagera, sukari ilikuwa kitu cha kupangia foleni kwenye duka la kijiji, na siku nyingine foleni ilitawanyika mikono mitupu. Basi akaamua kukamua juisi. Tulizikamua kwa mikono, tukaichuja kwa kitambaa cha bendeji kilichochemshwa. Chupa zilipatikana mahali pamoja tu, kilabu cha pombe, nami nikatumwa. Nilizirudisha kwenye tenga, zikigongana njia nzima, nikapita mbele ya kanisa ambalo wazee wake wa uamsho hawakuweka tone la kileo mdomoni. Bibi aliziosha, akazijaza, akaziziba kwa magunzi ya mahindi, akayakaza kwa kamba na kuyapaka nta ya mshumaa.

Ganda la zabibu lina chachu yake ya asili. Juisi isipochemshwa, chachu ile hula sukari na kutoa kileo na gesi, na stoo yenye joto chini ya bati huiharakisha. Gesi ikikosa pa kutokea, hujifungulia mlango.

Jumamosi usiku mzee wa kanisa kutoka kijiji cha pili alilala sebuleni, maana halmashauri ya kanisa ilikuwa imechelewa kumalizika. Nyumba ilikuwa kimya. Mara, pah! Gunzi lilipiga bati, na bati likajibu kama ngoma. Mzee akawa chini ya meza kabla mwangwi haujaisha.

"Wezi wana bunduki!" alinong'ona kwa sauti ya kuamsha mtaa.

Mgambo wa kijiji alifika akikimbia, shati amelivaa nje ndani, akasimama mbele ya mlango wa stoo.

"Tokeni mikono juu!"

Stoo ikamjibu kwa milipuko mfululizo, na safari hii tukasikia na vioo. Kisha chini ya mlango kikachuruzika kitu chekundu, polepole, kikielekea viatu vyake. Mgambo aliketi chini bila kupanga.

Bibi akatoka chumbani na gauni lake la kulalia, kandili mkono mmoja, sanduku la huduma ya kwanza mkono wa pili. Hakuuliza habari ya wezi.

"Nani ameumia?" alisema. "Asiguswe, nakuja!"

Akapiga magoti kwenye ule wekundu akitafuta jeraha. Nampenda hadi leo kwa magoti yale. Mzee wa kanisa alitambaa kutoka chini ya meza, akanusa, akanusa tena.

"Bibi," alisema kwa upole sana, "hii ni divai."

Ua ulikuwa umeshajaa majirani. Bibi alisimama, gauni limelowa, akaanza kuomba radhi kwa Kiswahili chake kizuri, na machozi yakimlenga. Mama hakumwacha amalize.

"Kosa ni letu, jamani. Tumempa zabibu, sukari hatukumpa. Angefanyaje?"

Mzee alikunja suruali na kushika ndoo ya kwanza. Alfajiri sakafu ilikuwa nyeupe. Asubuhi watu walikuja ibadani na vikombe vya sukari walivyokuwa wameficha kwa ajili ya wageni, wengine kikombe kizima, wengine vijiko viwili kwenye karatasi, na wiki ile zabibu zilizosalia zikapikwa uani kwetu juu ya mafiga, mama akikoroga kwa mwiko wa ugali na Bibi akipuliza moto.

Jumapili iliyofuata jamu ilipelekwa mnadani baada ya ibada. Mzee wa kanisa alikuja makusudi kutoka kwake, akataja bei. Mgambo akapandisha. Mzee akapandisha tena, wanawake wakapiga vigelegele, na mgambo alipoishiwa fedha akaagiza kuku wake wa mayai aletwe upesi. Akaichukua chupa ya mwisho. Kuku naye akawekwa mnadani, Bibi akamnunua.