Asiyeumia si Mtaalamu: Mhadhara wa Gwiji wa Kompyuta

Mgeni rasmi ambaye hakufika, waheshimiwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndiyo maana leo sitajisifu, nitataja vyeo vyangu tu. Mimi ni Gwiji Mkuu wa Programu za Kompyuta katika ukanda huu, cheo nilichojitunuku mwenyewe baada ya kujiridhisha kwamba hakuna mwingine mwenye sifa za kunitunuku. Hoja yangu ni moja, nayo haina mpinzani mwenye akili timamu: ubora wa zana ya kompyuta hupimwa kwa jinsi inavyomtesa anayeitumia. Kinachoeleweka siku ya kwanza waachiwe makarani.

Ushahidi wa kwanza ni Vim, programu ya kuandikia ambayo haipiti siku bila mimi kuifungua, hata kwa barua za kudai posho. Humo mtaalamu hagusi vitufe vya mishale; husogea kwa herufi h, j, k na l. Mshamba huuliza kwa nini. Hekima yake ni ya kina: mwaka 1976 Bill Joy, mwanafunzi wa Berkeley huko California, aliandika vi, babu wa Vim, akitumia mashine ya ADM-3A, ambayo mishale yake ilichorwa juu ya herufi hizo hizo. Yaani, kwa lugha ya watu wa kawaida, hapo ndipo mishale ilipokuwa. Lakini hatukukutana hapa kuzungumza lugha ya watu wa kawaida.

Wabishi watasema watu hushindwa hata kutoka ndani ya Vim. Watataja swali la namna ya kutoka, lililoulizwa kwenye tovuti ya Stack Overflow, ambalo kufikia mwaka 2017 lilikuwa limefunguliwa zaidi ya mara milioni moja. Nawashukuru kwa kunitetea, maana watu wote hao wasingebaki mahali pabaya. Watadai pia kwamba Bram Moolenaar wa Uholanzi, aliyeitoa Vim mwaka 1991, hakumtoza mtu hata senti, na kwamba mara nyingi ukiifungua tupu inakuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda, kwa ajili ya kituo cha Kibaale alikowahi kujitolea. Maandishi hayo sijapata kuyaona. Gwiji hasomi ukurasa wa mwanzo.

Ushahidi wa pili ni hatari ya kutegemea huduma za mtandaoni zinazomrahisishia mtu kazi. Machi 2016 mtu mmoja aliondoa left-pad kutoka npm, ghala la mtandaoni la vipande vya programu; ilikuwa mistari 11 tu ya kuongeza nafasi mwanzoni mwa maandishi, na miradi mingi duniani ikakwama. Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza kazi za waandishi wa programu mtandaoni, alifuta data za kampuni, ikagundulika kwamba kati ya njia tano za kutunza nakala hakuna iliyofanya kazi ipasavyo. Mpinzani atadakia kwamba alizifuta kwa amri fupi ya kuchapa kwa mkono, kwenye seva aliyodhani ni nyingine, na kwamba zana laini kidogo ingemuuliza kwanza kama ana uhakika. Kuulizwa ni kudharauliwa! Mtaalamu wa kweli hufuta kwa kujiamini. Ndiyo maana nasifu Git, iliyobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005, inayompa kila mtu nakala kamili ya historia ya kazi, asihitaji ghala la mwingine. Mwenye shaka asome hoja hii kwa kirefu kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni wa GitHub. Haipatikani kwingine.

Limebaki pingamizi moja dhaifu: kwamba zana njema ni ile inayomfanya mtu aisahau, akaikumbuka kazi yenyewe, kwamba mama lishe anayefunga hesabu zake kwa simu bila kumwita fundi amehudumiwa vizuri kuliko mimi. Huo ni uchochezi. Watu wakiacha kuwaita mafundi, magwiji tutakumbukwa kwa lipi?

Maswali hayatapokelewa na kiingilio hakirudishwi. Wanaotaka cheti cha ushiriki walipie kwa simu. Ni rahisi sana, hata mtoto anaweza: unabonyeza kitufe kimoja tu.