Ainisho Fupi la Ukaguzi wa Getini

Taaluma ya ukaguzi wa getini jijini Nairobi ilipata msukumo baada ya 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa, na ikapata vifaa tele baada ya shambulio la jengo la maduka la Westgate, 21 Septemba 2013, walikouawa watu 67. Kwa kuwa leo karibu kila benki, duka kubwa na kanisa lina maabara yake mlangoni, ni wakati wa kuziainisha mbinu zake.

Mbinu kongwe ni ya Kioo. Soja hupitisha kioo chenye mpini mrefu chini ya gari, aghalabu upande mmoja, kwa imani kwamba gaidi hawezi kuutumia ule mwingine. Kisha buti hufunguliwa, hutazamwa, hufungwa. Kinachotafutwa humo hakijapata kuelezwa. Gari likiwa la bei kali na dereva amevaa suti, utafiti hukatizwa.

Kifimbo nacho hulia kwa funguo, sarafu, simu na mshipi. Mlio huo hauzui swali lolote. Nadharia tete ni kwamba kazi yake si kugundua chuma, ni kuthibitisha kwamba mteja anacho.

Daftari hudai jina, namba ya simu na saa ya kuingia. Jina lolote hukubaliwa. Wapo waliokwisha kuingia kwa jina la Rais, wakatakiwa tu waandike vizuri.

Huko viwanja vya ndege kuna tawi la Kumbukumbu, ambalo hupambana na shambulio lililopita. Mtu alificha bomu kiatuni mwaka 2001, abiria wakavuliwa viatu. Njama ya vilipuzi vya maji ikafichuliwa London mwaka 2006, chupa zikapimwa kwa mililita 100. Mwaka 2009 bomu lilikuwa katika chupi. Tushukuru kwamba safari hiyo wataalamu waliridhika na mashine ya picha.

Tawi la Msako, hata hivyo, halichekeshi. Aprili 2014 maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa Eastleigh na kwingineko, na wengi wakazuiliwa uwanja wa Kasarani. Mwaka mmoja baadaye, 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Mmoja wa washambuliaji alikuwa mwanasheria aliyehitimu Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu. Ainisho la kabila na sura halikumnasa. Na kikosi maalumu cha polisi kilichukua saa nyingi kufika kutoka Nairobi, kasoro ambayo hakuna kioo kinachoimulika.

Katika hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi, Januari 2019, washambuliaji walianza kwa milipuko na risasi. Anayekuja hivyo hasubiri kifimbo wala haandiki daftarini.

Mwaka 1998 walinzi wa ubalozi walikataa kulifungulia geti lori lililobeba bomu. Hawakuwa na bunduki. Lori halikuingia, lakini jengo jirani la Ufundi liliporomoka, na katika watu 213 waliokufa Nairobi wengi mno walikuwa Wakenya waliokuwa nje ya ukuta uliolindwa. Dar es Salaam, asubuhi hiyohiyo, gari la maji lililokuwa getini ndilo lililozuia bomu lisikaribie zaidi. Walikufa 11. Gari la maji halimo katika tawi lolote la taaluma hii.

Soja ndiye hukutana na risasi ya kwanza, na hulipwa kidogo kuliko wote anaowalinda. Wenye majengo, kabla ya kununua kifimbo kingine, mwongezeeni mshahara, mpeni redio inayofanya kazi, na mkatieni bima.