Matangi Mawili, Shemeji Mmoja

Buzuruga, jijini Mwanza, haiogopi kelele. Mabasi ya Musoma yanapita yakipiga honi, bodaboda wanagombea abiria, mashine ya kusaga inakoroma toka alfajiri, na umeme ukikatika tu majenereta yanaitikia. Ndiyo maana Jumamosi ile, chenso ilipokuwa ikinguruma kwenye shina la mwarobaini ulioinamia choo cha nje, hakuna aliyegeuza shingo. Watu walitoka majumbani ilipozima.

Ilizima vibaya. Sauti ilipanda kwanza, ikawa nyembamba na kali, ikafuata harufu ya kitu kinachoungua, kisha injini ikagoma katikati ya kazi. Ule upanga wa chuma unaobeba cheni ukabaki umebanwa ndani ya shina. Mti haukuanguka, wala huwezi kusema ulikuwa umesimama. Choo kikakosa wateja siku nzima.

Mwenye chenso hakuwepo. Ni mtu anayeishi kwa kukata na kupunguza miti: leo mkaratusi uani kwa mtu, kesho mwembe unaodondosha matawi juu ya bati, na kazi za mjini zikipungua huvuka ziwa kwenda upande wa Buchosa, kwenye Shamba la Miti Buhindi, kutafuta kibarua. Siku hiyo alikuwa hukohuko, na mashine aliiacha mikononi mwa shemeji yake. Shemeji alishawahi kuendesha mashine ya kusaga. Kwake yeye, injini ni injini.

Madaktari walijitokeza wengi. Dereva wa bodaboda alisema ni plagi, kwa sababu kwa bodaboda kila ugonjwa ni plagi. Fundi redio alisema ni koili, na hapo alistahili heshima kidogo: koili iliyochoka hukata cheche ikipata joto na kuirudisha ikipoa, na imewazungusha wengi wakidhani injini nzima imekufa. Mama ntilie aliyesogeza sufuria zake mbali na mti alikuwa na tiba fupi zaidi. "Si imechemka? Imwagieni maji!" Mtoto akakimbilia ndoo.

Aliyemnyang'anya ile ndoo ni mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mialo ya Igombe. Silinda ya chenso ni ya aluminiamu, na aluminiamu yenye moto mkali ikimwagiwa maji baridi inaweza kupinda au kupasuka. Dawa yake ni kuiacha kivulini ipoe yenyewe.

Ikaachwa. Ilipopoa, shemeji akashika kamba ya kuwashia, ambayo mwanzoni ilikuwa haivutiki kabisa. Sasa ikaja laini, bila ubishi wowote. Watu wakapiga makofi, na mzee akatikisa kichwa. Kamba ya chenso nzima inatakiwa kubisha. Njia rahisi ya kupima ni kufungua upanga na cheni, kisha kuinua mashine kwa kushika mpini wa kamba peke yake. Ikining'inia na kushuka kwa vituo, mgandamizo upo. Hii ilishuka moja kwa moja, na kilichookoa vidole vya shemeji ni kwamba alikuwa amevaa gambuti.

Hadi hapo shemeji aliamini anao muda wa kutosha kuandaa maelezo. Zamani angekuwa nao, maana mtu anayetoka upande wa Buchosa na Sengerema alisubiri kivuko, na foleni ya kivuko ilikuwa na huruma zake. Lakini Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilizinduliwa Juni 2025. Mwenye mali alipigiwa simu asubuhi, na mchana alikuwa Buzuruga.

Jambo la kushangaza ni kwamba ugonjwa huu wa injini kuungua unatokea Mwanza, mji ambao umejaa injini za mipigo miwili kama ya chenso. Injini nyingi za kupachika nyuma ya mitumbwi ziwani ni za ukoo huohuo, na mvuvi hachanganyi petroli na oili yake kwa kubahatisha, maana adhabu yake ni kupiga kasia kutoka katikati ya ziwa. Tofauti ipo kwenye kupoza. Injini ya mtumbwi huvuta maji na kuyapitisha mwilini mwake, na Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, kwa hiyo maji hayaishi. Chenso haina tone la maji. Inapozwa na feni ndogo inayopuliza hewa kwenye mapezi ya silinda, na mapezi hayo ndiyo vumbi la mbao lililolowa oili hupenda kujikusanya. Chenso nyingi za siku hizi huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika zisipokuwa na mzigo. Kwa kasi hiyo, kosa la asubuhi halisubiri jioni.

Chenso duniani ilianza bila tatizo la joto, kwa kuwa ilianza bila injini. Mwishoni mwa karne ya 18, madaktari wawili wa Scotland, John Aitken na James Jeffray, walitumia msumeno mdogo wa mnyororo, wa kuendeshwa kwa mkono, kukatia mifupa. Mojawapo ya kazi zake ilikuwa kufungua nyonga ya mama pale uzazi ulipokwama. Mjerumani Andreas Stihl alipotoa msumeno wake wa petroli mwaka 1929, ulikuwa na uzito wa kilo 46 na ulihitaji watu wawili. Labda hilo lilikuwa na faida yake: mmoja akikosea mafuta, wa pili yupo wa kuuliza.

Walikwenda kwa fundi wa Nyakato, mwenye mali mbele, shemeji nyuma, chenso katikati yao juu ya bodaboda moja.

"Mwadila, fundi."

"Mwadila. Mafuta alichanganya nani?"

"Yalichanganywa," alijibu shemeji.

"Na nani?"

"Yalichanganywa tu, fundi."

Fundi hakubishana. Alidondosha petroli kidogo kutoka kwenye tangi juu ya karatasi nyeupe, akaiacha ikauke. Petroli yenye oili huacha doa la mafuta. Ile karatasi ilikauka ikabaki nyeupe kama ilivyotoka dukani.

Hapo ukweli ukatoka. Chenso ina vifuniko viwili: kimoja cha petroli, kingine cha oili ya cheni. Petroli haiendi peke yake, kwa kuwa injini hii haina oili inayokaa tumboni. Oili yake huchanganywa kwenye petroli kabla ya kumimina, na kwa oili nzuri ya injini za mipigo miwili kipimo kilichozoeleka ni 1 kwa 50, yaani mililita 20 kwa kila lita. Oili ya tangi la pili huenda kwenye cheni na upanga, haigusi pistoni hata kidogo. Shemeji alikuwa ameona vifuniko viwili akapiga hesabu: petroli tupu huku, na ile chupa ya oili ya kuchanganya, ya bei mbaya, yote kule.

"Nilijua vinakutana ndani," alisema.

Cheni haijawahi kulainishwa vizuri namna ile tangu inunuliwe. Pistoni, sentimita chache tu kutoka hapo, ilikuwa inakufa kwa kiu.

Fundi alifungua ekzosi, akamulika tundu lake kwa tochi ya simu na kuwaita wote wawili waone. Pistoni ilikuwa na mikwaruzo ya kusimama, kutoka juu hadi chini, na ringi ilikuwa imegandia kwenye mfereji wake. Alipotoa silinda, aluminiamu ya pistoni ilikuwa imejipaka ukutani. Akapitisha ukucha taratibu. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, tabaka gumu la ndani limeliwa na silinda ni ya kutupa. Ukipita, kuna matumaini. Ulipita. Msasa laini na uvumilivu viliondoa ile aluminiamu, zikaagizwa pistoni na ringi mpya.

Mwenye mali alitaka zifungwe haraka akaendelee na kazi. Fundi akakataa hadi akague mpira wa kabureta, bomba la petroli na sili za krenki, kwa sababu hewa inayoingia kwa wizi hupunguza petroli kwenye mchanganyiko, na mchanganyiko mwembamba huchemsha injini hata kama oili imepimwa. Akayasugua mapezi kwa mswaki mkavu. Mwisho akarekebisha skrubu za kabureta kwa sikio. Hapa ndipo wengi huua mashine wakitafuta sauti tamu: ukiibana skrubu ya mwendo kasi, chenso inaimba vizuri sana, na wimbo huo ni wa mwisho. Zaidi ya hapo, ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na hewa ya huku ni nyepesi. Chenso iliyorekebishwa Mwanza ikipelekwa Dar es Salaam bila kuguswa, hewa nzito ya pwani huufanya mchanganyiko uwe mwembamba, na joto linapanda.

Mashine iliwaka. Shemeji, kwa idhini maalumu, aliruhusiwa kuijaribu kwenye gogo. Badala ya vipande vikatoka vumbi laini, naye akaanza kuikandamiza kwa kifua. Fundi akaizima. Cheni ilikuwa butu, na anayesukuma cheni butu anapasha moto upya injini iliyotoka kufufuliwa. Shemeji akapewa tupa ya duara na jino la kwanza. Alipomaliza la mwisho, jua lilikuwa linazama.

Mwarobaini, kwa upande wake, ulishaangushwa na mzee wa Igombe kwa shoka, bila mchanganyiko wa aina yoyote.

Kwa wote wanaoazimisha chenso: mpe mtu mashine ikiwa na mafuta yaliyokwisha kuchanganywa, mwoneshe kila kifuniko kwa kidole, na cheni iwe imenolewa. Kwa wanaoazima: kizibo cha chupa ya maji si kipimo, hakifikishi hata nusu ya mililita 20. Bomba la sindano lenye alama za mililita lipo duka la dawa. Nunueni lenu.